Pijo la bingwa au Pijo la kawaida? Jinsi ya kufuatilia historia ya gari la zamani

Ukipita vijiji vya Korogwe, Muheza au Pangani, hukosi kuona gari la zamani limewekwa juu ya mawe, kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma. Mara nyingi ni Land Rover, Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, au Pijo 404. Siku moja anafika mtu kutoka mjini. Analizunguka, anafungua boneti, anapiga picha kwa simu. Kisha anasema maneno mawili yasiyopatana: gari hili ni chuma chakavu tu, na yuko tayari kulinunua leo leo kwa fedha taslimu.

Wengine huja na maneno ya upande wa pili. Wanauza gari kwa bei ya juu wakidai kwamba liliwahi kuendeshwa na bingwa wa Safari Rally. Nani anasema kweli? Ipo njia ya kujua, na sehemu kubwa ya njia hiyo haihitaji fundi. Inahitaji karatasi, picha na wazee wenye kumbukumbu.

Tuanze na mashindano yenyewe, maana vijana wengi wanayajua kama kitu cha Kenya peke yake. Yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakahamia wakati wa Pasaka, yaani katikati ya masika, na hapo ndipo yalipopata sifa yake ya matope. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, na safari hiyo pia yakamaliza 7. Tanzania iliendelea kuwa sehemu ya njia hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha mashindano yakabaki Kenya.

Mabingwa wawili wa miaka ile walikuwa watu wa Tanzania. Bert Shankland, mzaliwa wa Scotland aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda mwaka 1966 na tena mwaka 1967 akiwa na Chris Rothwell, mara zote mbili kwa Pijo 404. Pijo za aina hiyo hiyo zilishinda pia mwaka 1963 na 1968, chini ya Nick Nowicki. Sasa angalia ugumu unapoanzia. Pijo 404 haikuwa gari la ajabu. Ni gari lile lile lililobeba abiria, mabwana shamba na maharusi. Ukiliondolea namba za mashindano na taa za ziada, la bingwa na la teksi yanafanana kama mapacha.

Jambo jingine linaleta matumaini na hatari kwa pamoja. Hadi mwaka 1971, kila aliyeshinda Safari alikuwa mkazi wa Afrika Mashariki. Dereva wa kwanza kutoka nje kushinda alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, mwaka 1972, kwa Ford Escort. Kwa hiyo magari mengi ya mashindano ya miaka ya mwanzo yalikuwa ya watu na wauzaji wa hapa hapa. Hayakupakiwa melini kurudi Ulaya. Yaliuzwa, yakatumika, yakachoka. Ndiyo maana hadithi ya gari la bingwa kuonekana kijijini si ya kuchekwa moja kwa moja. Na ndiyo maana ni rahisi kuitunga.

Chukua mfano wa Volvo PV544 iliyoshinda mwaka 1965. Aliyeiendesha, akiwa na mdogo wake Jaswant, ni Joginder Singh wa Kenya, yule aliyekuja kushinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Volvo ile haikuwa mpya. Ilikuwa gari la kiwanda, ikaendeshwa katika Safari ya 1964 na Tom Trana wa Sweden, haikufika mwisho, ndipo Joginder akaichukua ikiwa imeshatumika. Mwaka uliofuata ikashinda kwa tofauti ya zaidi ya saa moja na nusu. Kwa hiyo mtu akikwambia hili ni gari la Trana, na mwingine akakwambia ni la Joginder, huenda wote wawili wanasema kweli. Gari lina wenyewe wengi, na kila mwenyewe ni pingu moja ya mnyororo.

Linganisha na Datsun 240Z aliyoshindia Edgar Herrmann mwaka 1971. Hiyo ilikuwa ya kiwanda, na leo imo katika mkusanyo wa magari ya kale wa kampuni ya Nissan huko Japani. Mnyororo wake ni mfupi. Gari likipita mikono kumi, kazi ni kuwapata wote kumi.

Je, kama injini imebadilishwa, bodi imenyooshwa na kukatwa, milango imetoka gari jingine, bado ni lile lile? Swali hili lilifika mahakamani London mwaka 1990. Gari lilikuwa Bentley lililojulikana kwa jina la Old Number One, lililoshinda mashindano ya Le Mans huko Ufaransa mwaka 1929 na 1930 likiendeshwa na Woolf Barnato na wenzake. Mwaka 1932 lilipata ajali kubwa kwenye uwanja wa Brooklands, dereva Clive Dunfee akafariki, na gari likajengwa upya kwa bodi ya namna nyingine. Miaka mingi baadaye mwenye gari, Ed Hubbard, alikubaliana na kampuni moja kuiuzia kwa pauni milioni 10. Kampuni ikasita: hili silo gari la Le Mans, vifaa vyake karibu vyote ni vya baadaye. Jaji aliamua kwamba ni lenyewe. Vifaa vya mwaka 1930 vilikuwa vichache sana, lakini hakukuwa na siku ambayo gari lile lilikufa na jingine likazaliwa. Lilibadilishwa kidogo kidogo likiwa gari moja, lenye historia isiyokatika.

Mkulima hashangai. Jembe lililobadilishwa mpini bado ni jembe la babu, mradi familia inajua lini mpini ulibadilishwa na nani alibadilisha.

Kwetu pwani ya kaskazini mnyororo huo umekatika mara nyingi, na sababu zake zinajulikana. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge ilitaifishwa, na mali za mashamba zikapata wenyewe wapya. Februari 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Mpaka ule, Horohoro ikiwemo, ulikaa hivyo hadi mwishoni mwa mwaka 1983. Magari ya Kenya yaliyokuwa upande huu yalizuiwa. Kisha vikaja vita vya Kagera, 1978 na 1979, na magari ya watu binafsi yakachukuliwa kusaidia jeshi. Ukikuta gari lenye kadi ya Nairobi ya mwaka 1970 na halina karatasi nyingine hadi 1985, usiwahi kusema limeibwa, wala usiwahi kusema ni la bingwa. Uliza kwanza lilikuwa wapi mwaka 1977.

Ushahidi wa kwanza ni namba ya chasisi. Tafuta kibati chini ya boneti, kisha tafuta namba iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Safisha kwa brashi laini na mafuta ya taa. Usitumie msasa, maana unaweza kufuta kilichobaki. Namba ya kibati na ile ya kwenye chuma zinapaswa kupatana. Namba ya usajili haina nguvu hiyo: ilibadilika gari lilipovuka nchi au serikali ilipobadili mfumo, na timu za mashindano zilijulikana kwa kuhamisha vibao vya namba kutoka gari hadi gari.

Ushahidi wa pili ni kadi za zamani. Wengi hubaki na kadi mpya wakatupa ile iliyochakaa. Kwa kazi hii, iliyochakaa ndiyo yenye thamani, kwa sababu ina jina la aliyekutangulia. Mikataba ya mauziano nayo, hata iliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari, ihifadhiwe.

Halafu picha. Magazeti kama Tanganyika Standard yaliandika habari za Safari kila Pasaka, na picha zilionyesha namba ya mashindano na kibao cha usajili kwa pamoja. Anayedai kwamba Pijo lake ni la Shankland aulizwe: la mwaka 1966 au la 1967? Asipojua hata hilo, dai lake limeanza kuchechemea. Viwanda vingine navyo vina kumbukumbu. Kwa magari ya Kiingereza kama Austin na MG, makumbusho ya British Motor Museum hutoa cheti kinachoonyesha gari lilitengenezwa lini na kupelekwa nchi gani.

Wazee nao tusiwasahau, hasa waliokuwa mafundi gereji au madereva wa mashamba ya mkonge. Mzee akikumbuka kona ambayo gari liligonga, fundi anaweza kutazama chuma mahali hapo na kuona kama kiliwahi kunyooshwa. Kumbukumbu inayokubaliana na chuma ni nzito kuliko kadi inayong'aa.

Na kuna biashara moja ya kuangaliwa sana. Mnunuzi anayesema gari lenyewe halihitaji, anataka kibati cha namba ya chasisi na kadi ya zamani tu, usimuuzie. Vitu hivyo viwili vikiondoka vinaweza kupachikwa kwenye gari jingine kabisa, na jina la mwisho kwenye kadi litabaki lako wakati polisi watakapoanza kuuliza.