Kitabu Kilichodanganya: Habari ya Maji ya Mji wa Walkerton

Mji mdogo wa Walkerton uko katika jimbo la Ontario, nchi ya Kanada, katikati ya mashamba ya nafaka na ng'ombe. Mwaka 2000 watu wake walikuwa wapata 4,800. Maji yalifika majumbani kwa bomba, na bomba hizo zilikuwa mali ya mji wenyewe, zikitunzwa na Halmashauri ya Huduma za Mji, ambayo wajumbe wake walichaguliwa na wenyeji.

Hata hivyo, mwezi wa Mei mwaka ule maji ya bomba hizo yaliwaua watu 7 na kuwatia ugonjwa wengine zaidi ya 2,300, yaani karibu nusu ya mji. Wala hapakuwa na vita, wala hapakuwa na mtu mwovu aliyetia sumu kisimani. Habari hii ni habari ya kalamu na karatasi, na kwa sababu hiyo yafaa kila mkulima na kila karani aijue.

KISIMA NAMBARI 5

Maji ya Walkerton yalitoka katika visima. Kimojawapo, kilichoitwa Kisima Nambari 5, kilichimbwa mwaka 1978 ukingoni mwa mji, karibu na mashamba. Kina chake kilikuwa meta 15 tu, na maji yake yaliingia kwa njia ya nyufa za mwamba zilizo kati ya meta 5 na meta 8 chini ya ardhi. Udongo uliofunika mwamba huo ulikuwa mwembamba, hata maji ya mvua yaliweza kushuka upesi kabla ya kuchujwa vema. Mtaalamu aliyekiangalia kisima hicho alishauri kwamba mji ufikirie kuipata ardhi iliyo jirani, ili kisima kiwe na eneo la kukilinda. Shauri hilo halikufuatwa.

Mwishoni mwa Aprili mwaka 2000 mkulima mmoja aliyekuwa na shamba karibu na kisima alitandaza samadi katika shamba lake. Alifanya kazi hiyo kwa kufuata desturi njema ya ukulima, na baadaye uchunguzi ulitamka wazi kwamba hana lawama. Lakini kuanzia tarehe 8 hata 12 Mei ilinyesha mvua kubwa, jumla yake milimeta 134 kwa siku tano. Maji ya mvua yalibeba vijidudu kutoka katika samadi, yakashuka navyo penye nyufa, yakaingia kisimani.

Vijidudu hivyo vilikuwa vya namna mbili, na kibaya zaidi ni kile kiitwacho E. coli O157. Hicho hukaa matumboni mwa ng'ombe wala ng'ombe mwenyewe haonekani kuugua. Lakini mtu akikimeza, huweza kuhara damu, na sumu yake huweza kuharibu mafigo. Wanaopatwa na hatari kubwa kuliko wote ni watoto wadogo na wazee.

KAZI YA DAWA

Hapo msomaji ataweza kuuliza: je, maji yale hayakutiwa dawa? Yalitiwa klorini, na klorini ina nguvu ya kuua vijidudu hivyo vyote. Lakini ni lazima kuijua tabia ya dawa hii. Klorini ikitiwa katika maji safi, sehemu kubwa yake hubaki. Ikitiwa katika maji machafu, hutumika yote katika kupigana na uchafu, na mara huisha. Kwa hiyo haitoshi kutia dawa tu. Yapasa kupima ni dawa kiasi gani iliyosalia baada ya kazi. Kanuni ya Ontario ilitaka kwamba baada ya dakika 15 isalie nusu ya miligramu katika kila lita moja ya maji.

Basi kipimo hicho cha masalio ndicho mlinzi wa mji. Siku dawa ikionekana imeisha, mtunza maji hupata kujua kwamba uchafu umeingia, naye hufunga kisima na kuwaonya watu, hata kabla mtu ye yote hajaugua. Kipimo hicho kilipaswa kuchukuliwa kila siku na kuandikwa katika karatasi maalum. Kazi yenyewe huchukua dakika chache tu.

KALAMU ILIYOTANGULIA KIPIMO

Meneja wa maji wa Walkerton alikuwa Bwana Stan Koebel, na msimamizi wa kazi alikuwa ndugu yake, Frank. Stan aliingia kazi hiyo mwaka 1972, akawa meneja mwaka 1988. Walikuwa watu waliojulikana mjini, wenye kujua kila bomba na kila kifuniko. Lakini hawakuwa wamefundishwa elimu ya vijidudu vya maji, na vyeti vyao walipewa kwa sababu ya miaka waliyokuwa kazini, si kwa kufanya mtihani.

Siku nyingi hawakupima masalio ya dawa. Waliandika tu. Katika karatasi za kila siku zilionekana tarakimu zile zile, 0.5 au 0.75, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Hata chupa za maji zilizopelekwa kupimwa katika maabara ziliandikwa majina ya mahali ambapo hazikujazwa. Na dawa yenyewe walitia kidogo kuliko ilivyoamriwa, maana wenyeji wengine walinung'unika kwamba maji yana ladha ya klorini, na ndugu hao wenyewe waliamini kwamba maji ya visima ni mema hata bila dawa. Walikuwa wakiyanywa wao wenyewe.

Hapa ndipo penye fundisho gumu. Watu hawa hawakutaka kumdhuru mtu. Waliona kwamba tarakimu ni desturi ya ofisi, jambo la kumridhisha mkaguzi, wala hawakuona kwamba kila tarakimu ni neno la ushuhuda juu ya afya ya mtoto wa mtu. Tarehe 13 Mei, mvua ilipokwisha kunyesha, kama mtu angalipima kwa kweli masalio ya dawa katika Kisima Nambari 5, angalikuta kwamba dawa imeliwa na uchafu. Karatasi ilisema kwamba mambo yote ni mema.

SIKU TISA

Tarehe 15 Mei maji yalichukuliwa yakapelekwa kupimwa. Tarehe 17 maabara ilimwarifu meneja kwamba maji yana vijidudu vya kinyesi. Maabara hiyo ilikuwa ya watu binafsi, kwani tangu mwaka 1996 Serikali ya jimbo ilikuwa imeacha kuwapimia maji watu wa miji. Nayo sheria haikuilazimisha maabara kumpasha habari daktari wa afya. Kwa hiyo barua ilifika mikononi mwa mtu mmoja tu, naye akanyamaza.

Tarehe 18 watoto wawili walipelekwa hospitali katika mji wa jirani wa Owen Sound. Kesho yake daktari wa watoto, Bibi Kristen Hallett, aliona dalili zao akashuku, akapiga simu kwa ofisi ya afya. Maofisa wa afya walimwuliza meneja tarehe 19, na tena tarehe 20: je, maji yana kasoro yo yote? Akajibu kwamba maji ni mazuri. Wakati huo huo alikuwa akifungulia maji yamwagike na kutia klorini nyingi, akitumaini kuusafisha mfereji wote kabla ya mtu kujua. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua.

Tarehe 20 mtu mmoja asiyejitaja jina aliipigia simu Wizara ya Mazingira, akatoa habari kwamba maji yalipopimwa yalionekana mabaya. Alasiri ya Jumapili tarehe 21, Daktari wa Afya wa eneo, Dr. Murray McQuigge, bila kungoja tena, alitangaza kwamba mtu ye yote asinywe maji ya bomba asipoyachemsha. Tangazo lilipelekwa kwa redio tu, na siku ile karibu nusu ya wenyeji hawakulisikia. Tarehe 22 akafa mtu wa kwanza.

Watu 65 walilazwa hospitali, na 27 kati yao walipatwa na ugonjwa wa mafigo. Wengi waliopatwa walikuwa watoto. Mji ulichemsha maji kwa zaidi ya miezi sita.

WALIOTAKIWA KUULIZA

Serikali ya Ontario ilimweka Jaji Dennis O'Connor kuchunguza jambo hilo, naye akatoa taarifa yake katika sehemu mbili mwaka 2002. Taarifa hiyo haikuwalaumu ndugu wawili peke yao. Ilisema kwamba kama chombo cha kupima dawa na uchafu wakati wote kingaliwekwa katika Kisima Nambari 5, msiba ule usingalitokea. Chombo hicho kilipaswa kuwapo kwa sababu kisima kilikuwa karibu mno na maji ya juu ya ardhi, lakini Wizara haikukidai.

Wakaguzi wa Wizara walifika Walkerton miaka 1991, 1995 na 1998, nao hawakugundua kwamba tarakimu zilikuwa za uongo. Taarifa ya mwaka 1998 ilieleza kwamba vijidudu vilikuwa vimeonekana katika maji. Wajumbe wa Halmashauri waliisoma, wakamwamini meneja atakapotengeneza mambo, wala hawakumwuliza tena. Tena Serikali ilikuwa imepunguza fedha na watumishi wa Wizara hiyo, hata ukaguzi ukazidi kulegea. Jaji alisema pia kwamba kama meneja angalisema kweli tarehe 19, watu wapata 300 au 400 wasingaliugua.

Mwezi wa Desemba mwaka 2004 ndugu hao walihukumiwa baada ya kukiri kosa. Stan alipata kifungo cha mwaka mmoja gerezani, na Frank miezi tisa ya kufungiwa nyumbani kwake.

SHERIA ILIYOZALIWA NA MSIBA

Ontario ilitunga Sheria ya Maji Salama ya Kunywa mwaka 2002. Tangu hapo maabara ikiona maji mabaya haina budi kumwarifu daktari wa afya na Wizara mara moja, si mwenye kisima tu. Watunza maji hufundishwa na kupewa vyeti kwa elimu. Mwaka 2004 chuo cha kuwafundisha kiliwekwa, na kiliwekwa Walkerton kwenyewe. Tena, tangu mwisho wa mwaka 2012, wajumbe wa mabaraza wenye kusimamia maji ya mji hupaswa kwa sheria kuwa na uangalifu, na mjumbe asiyejali huweza kushtakiwa. Haimfai tena kusema, "Sikujua, niliwaachia wenye kazi."

MAMBO YA KUSHIKA

Kanada ni mbali na Kenya, lakini maji na samadi hazijui mipaka. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humpa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha, na kazi ya kuyafikisha imewekwa katika mikono ya serikali za kaunti. Haki iliyoandikwa, hata hivyo, hulindwa na watu watatu, na kila mmoja ana lake la kufanya.

Wa kwanza ni mkulima. Zizi la ng'ombe na shimo la choo visiwe upande wa juu wa kisima, na samadi isitandazwe karibu nacho. Kinywa cha kisima kijengewe, kikainuliwe, kikafunikwe, ili maji ya mvua yapitayo juu ya ardhi yasiingie. Baada ya mvua kubwa maji ambayo hayakutiwa dawa yachemshwe kabla ya kunywewa, hata yakiwa meupe kama kioo, kwa maana vijidudu havionekani kwa macho, wala havina ladha.

Wa pili ni mjumbe wa baraza, pamoja na raia aliyemchagua. Wana haki ya kuuliza: maji yetu yalipimwa lini, yalipimwa na nani, na jibu lilikuwa nini? Mtunza maji mwaminifu hataudhika kwa swali hilo. Kumwamini mtu bila kumwuliza si heshima, bali ni kumwacha peke yake na mzigo.

Wa tatu ni karani, mwenye kalamu. Siku ambayo hakupima, na aandike kwamba hakupima. Atakemewa labda, na mkubwa wake atakasirika, lakini nafasi iliyoachwa wazi katika kitabu huonekana na mkaguzi, naye huuliza. Tarakimu ya uongo haiulizwi. Kule Walkerton iliandikwa maelfu ya mara bila dhara lililoonekana, mpaka ikaja juma moja la mvua, na watu 7 wakazikwa.