Lenga-lenga Inapoogopwa

Kazi ambayo kwingine hufanywa na spinachi, mjini Kolwezi, mji wa migodi wa mkoa wa Lualaba nchini Kongo, hufanywa na lenga-lenga, yaani mchicha. Huchumwa changa, hufungwa mafungu kwa ukindu, huuzwa asubuhi na kuliwa na bukari, yaani ugali, siku hiyohiyo. Nyuma yake zinafuata sombe, ambayo Watanzania huiita kisamvu, matembele, ngai-ngai yenye uchachu wake, na majani ya maboga. Ikivuma kwamba mboga za bonde fulani zimeingiwa na madini, mpishi hubadilisha fungu: leo si lenga-lenga, ni matembele. Mara nyingi badiliko hilo halisaidii kitu, kwa sababu fungu la pili limetoka kwenye matuta yaleyale.

Makosa hayo yanaeleweka, kwani hofu nyingi za chakula hutatuliwa hivyo. Septemba 2006 nchini Marekani, spinachi mbichi ya mifuko iliyolimwa California iliwaambukiza watu wapatao 200 bakteria aina ya E. coli O157:H7, na watatu wakafa. Serikali iliwaambia wananchi waache spinachi mbichi. Waliohamia kabichi au saladi kutoka shamba jingine walikuwa salama, na hata spinachi yenyewe ingeiva vizuri motoni, bakteria wangekufa. Kidudu hufa kwa moto. Kobalti, kadimiamu na risasi havifi: sufuria ikichemka saa nzima, madini yamo, ama kwenye jani ama kwenye mchuzi.

Lualaba hofu ina msingi. Mwaka 2009 watafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walichapisha vipimo vya mkojo wa wakazi wa Katanga ya wakati huo, ambayo Lualaba ilikuwa sehemu yake. Kwa walioishi chini ya kilomita 3 kutoka migodini au kwenye viwanda vya kuyeyushia madini, kobalti ilikuwa mara 43 ya ile ya watu wa kawaida. Kadimiamu na risasi zilizidi mara nne hadi tano. Uchunguzi uliofuata, wa 2014, ulitafuta njia ambayo kobalti hupitia kuingia mwilini. Kwa watu wazima wa maeneo yaliyochafuka, mboga na nafaka zilizolimwa hapohapo zilikuwa miongoni mwa njia kubwa.

Jani hupata madini kwa njia mbili, na kila njia ina dawa yake. Ya kwanza ni vumbi. Kuanzia Mei hadi Septemba mvua haipo, malori ya madini hupita barabara za udongo, na vumbi jekundu hutua juu ya kila kitu. Ukilifungua fungu la lenga-lenga la Agosti utalikuta vumbi hilo limejibana pale kikonyo kinapokutana na shina, mahali ambapo maji ya kumwagia juujuu hayafiki. Dawa ni kuyachambua majani moja moja, kuyaosha katika mabeseni matatu ya maji safi, na kuinua majani kutoka kwenye maji badala ya kumwaga maji yakiwa pamoja na majani, ili mchanga ubaki chini. Beseni la tatu likiwa bado na mashapo mekundu, linahitajika la nne. Risasi kwa sehemu kubwa hukaa hapo nje ya jani, kwa hiyo kuosha huko si usafi wa kupendeza macho tu.

Njia ya pili ni mizizi, na hapo maji hayana la kufanya. Shaba nyingi hubaki mizizini, na ikizidi mmea wenyewe hudumaa na kugeuka njano kabla ya kumdhuru mlaji. Ndiyo maana vilima vya asili vya shaba Katanga havina miti, vina nyasi na maua machache yaliyozoea sumu, kama Haumaniastrum katangense ambalo wanajiolojia walilifuata kutafuta madini. Kadimiamu ni msiri kuliko shaba: hupanda hadi majani bila kuacha alama yoyote, na fungu lililojaa kadimiamu linaweza kuwa la kijani na nene kuliko yote sokoni. Kumwamini muuzaji kwa sababu mboga yake inapendeza ni kupima kitu kisichohusika.

Kwa hiyo kibadala huanza na mahali, jina la jani hufuata baadaye. Bustani za kiangazi hulimwa mabondeni kwa sababu ndiko kuna maji, na mabonde ya Kolwezi ndiyo yanayopokea maji ya migodi. Mto Musonoie na mto Luilu yote hupita jirani na migodi na viwanda. Sombe mara nyingi haihitaji bonde. Muhogo husimama shambani kiangazi kizima bila kumwagiliwa, kwa hiyo majani yake yanaweza kutoka mashamba ya juu, mbali na mji, katika msimu uleule ambao lenga-lenga ni ya bondeni tu. Hiyo ndiyo sababu ya kuiweka sombe ya mbali mbele ya vibadala vyote. Ina protini nyingi kwa mboga ya majani, ina vitamini A, na mpishi wa Katanga hahitaji kufundishwa kuipika. Sharti lake ni lilelile la siku zote: itwangwe hadi ilainike kabisa kisha ichemshwe muda mrefu bila haraka, kwa kuwa jani bichi la muhogo lina sianidi, na kutwanga ndiko kunakoiachilia ikaondoka na mvuke. Kipande cha jani kilichopona mchi hubaki na sumu yake.

Matembele na majani ya maboga ni mboga za masika. Kuanzia Novemba huota popote, mvua huyaosha, na mtu hana haja ya kushuka bondeni. Ngai-ngai haijazi sufuria peke yake kwa uchachu wake, ila kidogo ndani ya sombe au samaki inapendeza. Uyoga wa porini, ambao huanza kuuzwa kando ya barabara mvua za kwanza zikishuka, usihesabiwe humu hata kidogo: uyoga hufyonza kadimiamu kuliko mboga nyingi.

Pasipo majani ya mbali, afadhali kubadilisha sehemu ya mmea. Kadimiamu hujilimbikiza kwenye majani kuliko kwenye tunda au mbegu. Bustani ileile yenye shaka, ikipandwa bamia, nyanya, maharagwe au maboga ya kuliwa tunda, hutoa chakula chenye madini machache kuliko ikipandwa lenga-lenga. Mkulima naye ana la kufanya: udongo wenye asidi huachia kadimiamu na zinki kwa urahisi, na chokaa huipunguza asidi hiyo, samadi na mboji hushikilia shaba. Majivu ya jikoni husaidia kidogo. Hakuna kati ya hivyo kinachoondoa madini ardhini, huyafunga tu, na kazi hurudiwa asidi ikirudi.

Swali la kumuuliza muuzaji, basi, ni fungu limetoka wapi na limemwagiliwa maji gani. Anayelima mwenyewe hujibu papo hapo; anayenunua jumla alfajiri huenda hajui, na fungu lisilo na kwao lihesabiwe kuwa la bondeni.

Watoto wana hesabu yao. Uchunguzi uleule wa 2014 ulionyesha kwamba kwa mtoto mdogo, anayetambaa na kutia vidole mdomoni, vumbi la nyumbani nalo ni njia muhimu ya kobalti. Kwa nyumba iliyo karibu na mgodi, kupiga deki kwa kitambaa chenye maji na kumnawisha mtoto mikono kabla ya kula viende pamoja na kubadilisha mboga.