Ukitundika daluga na kuhamia Gwarama, ujirani kwanza, ustaa baadaye

KUTUNDIKA daluga ni kazi ya siku moja. Kujua utaishi wapi baada ya hapo ndiko kunakowatoa jasho wengi. Mchezaji anayeachana na Ligi Kuu akiwa na miaka 35 bado ni kijana mtaani, lakini kwenye soka tayari anaitwa mzee. Kambi hana tena. Meneja wa timu wa kumpangia chumba hayupo. Ikifika Jumamosi saa 10 jioni, hakuna mtu anayemsubiri popote.

Wengi hung'ang'ania Dar es Salaam kwa sababu jina bado linatajwa vijiweni. Tatizo ni kwamba jina halilipi kodi ya nyumba. Ndiyo maana baadhi huanza kupiga hesabu za bara: eneo la kutosha kulima, nyumba ya matofali ya kuchoma, kuku, migomba na usingizi usio na honi za daladala. Hesabu hizo zinaweza kumfikisha mtu hadi Gwarama.

Gwarama ni kata ya Wilaya ya Kakonko, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012. Anayesikia Kigoma akawaza dagaa, mawese na upepo wa Ziwa Tanganyika ajue mapema kuwa huku ni kwingine. Hii ni Kigoma ya juu, nchi ya Waha, ya mahindi, maharage, mihogo na ndizi. Basi la kutoka Dar linapita Dodoma, Singida na Kahama, linagusa Nyakanazi, ndipo linaingia Kakonko. Ukishuka hapo, Uwanja wa Lake Tanganyika bado uko mbali.

HESABU YA MIEZI 180

Kabla ya kununua hata bati moja, kuna hesabu ya pensheni. Kwa mwanachama wa NSSF, pensheni ya uzee inahitaji michango isiyopungua miezi 180, yaani miaka 15. Umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na wa lazima ni 60. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hatakiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake.

Sasa weka hesabu hiyo uwanjani. Kijana aliyesaini mkataba wa kwanza akiwa na miaka 20 na kuacha akiwa na 35 amecheza miezi 180 kamili, tena kama hakukosa hata mwezi mmoja. Misimu miwili bila michango, iwe kwa majeraha, kukosa timu au klabu kutopeleka fedha, inatosha kuvuruga kila kitu. Na hata aliyetimiza bado ana miaka 20 ya kusubiri kabla ya kufikisha 55.

Miaka hiyo 20 ya katikati ndiyo inayowaumiza wanasoka. Mwalimu wa shule au karani akistaafu, anahama na pensheni yake mkononi. Mwanasoka anahama na pesa ya usajili wa mwisho, kama bado ipo. Ndiyo maana swali la kwanza kwa anayetaka kuhamia Gwarama ni shamba litampa nini msimu wa kwanza na wa pili, na kama ataendelea kuchangia mfuko kwa hiari. Ukubwa wa sebule unaweza kusubiri.

Zamani mambo yalikuwa tofauti kidogo. Enzi za timu za mashirika kama Pamba ya Mwanza, Reli ya Morogoro na RTC Kagera, mchezaji alikuwa pia mfanyakazi. Mguu ukichoka, alirudi ofisini, karakana au ghalani na kuendelea na kazi. Ubinafsishaji wa miaka ya 1990 uliondoa mto huo wa kulalia. Leo walio karibu na mfumo ule ni wale wa timu za majeshi ambao wameajiriwa kama askari. Wengine mkataba ukiisha, umeisha.

ARDHI INA WENYEWE

Kosa la pili ni kudhani kijijini kila kitu kinamalizwa kwa kupeana mkono chini ya mwembe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaipa Halmashauri ya Kijiji kazi ya kusimamia ardhi, lakini haiwezi kumgawia mtu bila Mkutano Mkuu wa Kijiji kuridhia. Staa anayetuma hela kwa simu akiwa Dar, akaoneshwa picha ya shamba na kuambiwa "tayari kaka, ni lako", anaweza kukuta ameuziwa ugomvi wa ukoo. Njia salama ni kufika mwenyewe, kuonana na mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji, kufuata utaratibu na kufuatilia hatimiliki ya kimila.

Mkutano huo una faida nyingine. Ndiyo siku watu wanapomwona usoni yule waliyekuwa wakimsikia redioni au kumwona kibanda umiza. Pale hawamuulizi mabao. Wanataka kujua atalima nini, watoto watasoma wapi, na kama akisikia msiba atakuja.

Waswahili walishasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Gwarama mgeni anapewa jembe na salamu. Asubuhi atasikia "mwakeye", na asiyejifunza kuijibu atabaki "yule wa Dar" hata akikaa miaka kumi. Mchango wa harusi, zamu ya kuchimba kaburi, siku ya kujenga darasa: huko ndiko usajili mpya unakofanyika, na hauna ada.

WALIOPITA NJIA HIYO

John Stephen Akhwari ni mfano mzuri kwa Watanzania. Alimaliza mbio za marathoni za Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa ameumia goti na akiwa wa mwisho kufika, dunia nzima ikamkumbuka kwa kutokata tamaa. Baadaye maisha yake yalikuwa Mbulu, kwenye kilimo, kati ya watu waliomjua kabla ya Mexico.

Kenya, Joe Kadenge aliyeimbwa na mashabiki kuliko mchezaji yeyote wa kizazi chake alibaki mjini na kuendesha teksi Nairobi. Alifariki Julai 2019 akiwa bado anaheshimiwa. Kazi ya teksi si aibu hata kidogo, lakini inaonesha kwamba jina kubwa na riziki ni vitu viwili.

Roger Milla naye, soka lake kubwa lilipokwisha, alihamia kisiwa cha Réunion na kuchezea JS Saint-Pierroise. Hakujifungia ndani kusubiri heshima, aliingia kwenye timu ya hapo alipo. Mwaka 1990, akiwa na miaka 38, alirudishwa Cameroon kwa ajili ya Kombe la Dunia, akafunga mabao manne na kuifikisha robo fainali. Huwezi kumwahidi kila mstaafu miujiza ya Milla. Lakini kuingia timu ya mtaani ulikohamia kunawezekana kwa yeyote.

KINACHOMSUBIRI

Na hapo ndipo Gwarama nayo inapopata chake. Shule za msingi zina UMITASHUMTA, za sekondari zina UMISSETA, na mara nyingi anayeandaa timu ni mwalimu mwenye vipindi vingine tele. Mtu aliyewahi kufundishwa na makocha wa Ligi Kuu anajua jinsi ya kumpasha mtoto misuli, kumfundisha beki kusimama upande sahihi, na kumzuia kijana mwenye enka iliyovimba asiingie uwanjani kwa sababu tu mashabiki wanamtaka.

Safari ya vijana hao nayo si ndefu kama zamani. Mashujaa ya Kigoma, iliyoitoa Simba kwa mabao 3-2 kwenye Kombe la Shirikisho Desemba 2018, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2023. Mtoto wa Kakonko sasa ana timu ya Ligi Kuu ndani ya mkoa wake. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kumtazama akiwa na miaka 12 na kusema huyu anafaa.

Kwa mchezaji ambaye bado yuko kambini leo, maana yake ni moja: Gwarama haianzi siku ya kutundika daluga. Aende likizo ya msimu, alale huko wiki mbili, ashike jembe, aulize michango yake NSSF imefika miezi mingapi. Akirudi mazoezini atakuwa anajua kama ana kwa kwenda, au ana picha ya nyumba tu kwenye simu.