Ukuta wa Matofali Utabeba Kiasi Gani?

Mwenye nyumba akiutilia shaka ukuta wake, ushauri wa kwanza anaopewa ni kuongeza saruji kwenye mota. Hesabu za uhandisi zinaonyesha kwamba fedha ya saruji hiyo mara nyingi ingefanya kazi kubwa zaidi kwenye matofali yenyewe.

Nguvu ya tofali hupatikana kwa kulibana kwenye mashine ya maabara hadi livunjike, kisha kugawa mzigo kwa eneo lililobanwa. Kipimo chake ni nyutoni kwa milimita ya mraba, na nyutoni 1 hapo ni kama kilo 10 zikikalia sentimita moja ya mraba. Tofali likivunjika kwa nyutoni 5, ukuta uliojengwa kwa matofali hayo haubebi 5. Hubeba karibu nusu yake.

Chanzo ni mota. Kwa kawaida mota ni laini kuliko tofali, hivyo ikilemewa hubonyea na kutaka kutanuka pembeni. Tofali lililoshikamana nayo huizuia, na katika kuizuia huvutwa lenyewe. Udongo wa kuchoma huvumilia sana kubanwa lakini hauvumilii kuvutwa. Ndiyo maana ukuta uliozidiwa na mzigo huonyesha kwanza nyufa za wima zinazopita katikati ya matofali. Kiungo cha mota kikiwa kinene, mvutano huo huongezeka.

Kanuni za Ulaya za ujenzi wa matofali, Eurocode 6, zimeyaweka haya katika fomula moja: nguvu ya tofali hupewa kipeo cha 0.7, nguvu ya mota kipeo cha 0.3, kisha vyote huzidishwa kwa namba inayotegemea aina ya tofali. Kwa tofali la udongo lisilo na matundu na mota ya kawaida, namba hiyo ni 0.55.

Tuchukue tofali la nyutoni 5 na mota ya nyutoni 4. Ukuta unapata takriban 2.6. Tukiongeza saruji hadi mota ifike 8, ukuta unapanda hadi 3.2 tu. Tukiiacha mota kwenye 4 na kutumia tofali la 10, ukuta unafika 4.2. Kuongeza nguvu ya mota maradufu kumeleta nyongeza ya asilimia 23; kwa tofali, nyongeza ni asilimia 62. Tena kanuni hiyo haihesabu nguvu ya mota inayozidi mara mbili ya nguvu ya tofali. Saruji inayopita hapo haiongezi chochote kwenye hesabu.

Nguvu hiyo ya ukuta bado si ruhusa ya kupakia mzigo. Mhandisi huigawa kwa kigezo cha usalama, kwa kawaida kati ya 1.5 na 3, kisha huipunguza zaidi ukuta ukiwa mrefu na mwembamba, au mzigo ukikaa pembeni badala ya katikati. Ukuta wa mita 3 ukijibeba wenyewe huweka kwenye msingi takriban nyutoni 0.05 tu. Hatari huja pale boriti inapokalia eneo dogo, ukuta unapopinda, au ghorofa inapoongezwa juu ya kuta ambazo hazikupigiwa hesabu hiyo.

Fomula pia huchukulia kwamba fundi amefanya kazi yake sawasawa. Tofali kavu hunyonya maji ya mota kabla saruji haijashika, kwa hiyo matofali yaloweshwe kwanza. Viungo viwe vya milimita 10 hivi, vijazwe vizuri bila mianya, na timazi isiachwe kwenye mkoba.

Kabla ya kununua matofali ya kuchoma kwa jengo la ghorofa, chukua machache kutoka sehemu mbalimbali za tanuri, yale ya pembeni yakiwemo, uyapeleke maabara yakapimwe. Mpe mhandisi wako majibu hayo kabla hajachora kuta.