Radio inasema juu, mbona chini inanyamaza?

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama mnaotungoja nyumbani, kila posti tunashuka na talki mkononi. Karibu na shimo inasema muzuri. Tukipita kona mbili za galeri, kimya. Tunaambiwa ni batri. Si batri tu.

Nguvu ya radio inatawanyika sawa mwangaza wa taa ya kofia. Ukienda mbali mara mbili, inabaki robo. Mara kumi, inabaki moja juu ya 100. Na ile ni mahali peupe, bila jiwe. Kwa hiyo wakituletea talki yenye nguvu mara mbili, haitafika mbali mara mbili: inaomba nguvu mara nne.

Tena kuko frekansi. Kilio kikiwa mbali, unasikia ngoma kubwa tu, sauti nyembamba zimepotea. Mu mawe pia njo vile. Mawimbi ya frekansi ya chini kabisa yanapenya mamia ya mita za mawe, lakini yanaomba antena kubwa na yanabeba maneno machache. Talki ya megahezi 150 ao 450 inakufa kisha mita chache za mawe. Mu galeri yenye kunyooka, ile ya 450 inafika mbali kuliko ya 150, kwani wimbi lake ni fupi. Lakini kona inaikata.

Shimo la Kipushi linapita mita 1.000; talki haiwezi kutoboa mawe ya vile. Dawa ni kable yenye kuvujisha mawimbi, na vyombo vya kuongeza nguvu njiani. Talki inasemeshana na kable iliyo karibu, kable inapandisha sauti juu.

Kule Sago, Marekani, Januari 2006, mlipuko uliua wachimbaji 12. Wale walijificha ndani hawakuweza kusema na waokozi. Mwaka ule ule sheria ya kule iliamuru mine ziweke mawasiliano bila waya.

Mapatano 176 ya OIT, ya 1995, yanataka mwajiri aweke mawasiliano mu mine. Tunadai kable ifuate kila galeri mpya, na kuwe njia ya pili kama ya kwanza inakatika. Ninyi, jaribuni talki pale penye mtatumika, si kule juu. Kama hakuna jibu, andikeni mahali na saa mu kaye, muite delege mbele ya kuanza kazi.