Je, Wajua? Umepiga na Hakuna Aliyelia

Je, wajua kwamba tangu uamke leo umeshapiga mara kadhaa na polisi hawana habari na wewe? Umepiga mswaki, umepiga deki, umepiga shati pasi, kisha ukapiga hodi kwa jirani. Na bado ni asubuhi!

Waingereza wanajivunia kitenzi chao run, yaani kukimbia. Kamusi ya Oxford imekihesabia maana 645! Mhariri mmoja, Peter Gilliver, alikaa na kitenzi hicho kimoja miezi tisa. Bingwa wa zamani alikuwa set, mwenye maana 430 katika toleo la mwaka 1989. Haya, hongera zao. Sogea sasa huku Mugoma, Ngara, nikuoneshe cha kwetu: piga.

Fundi anayemalizia nyumba hapa kijijini anapiga ukuta plasta, anapiga mbao randa, anapiga mlango msasa, anapiga rangi. Kadiri anavyoipiga, nyumba inazidi kupendeza! Shambani nako watu wanapiga dawa, na huko kidogo pana haki: wadudu wanaumia kweli.

Wajua kuwa mpiga debe wa stendi hana debe? Ana mdomo tu, na unatosha kabisa.

Kura je? Unatia alama kwenye karatasi, unaitumbukiza sandukuni, umeshapiga. Ajabu yake, aliyepigiwa ndiye anayecheza. Anayelia ni aliyepigwa chini.

Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga waliwapiga Simba 5-1. Hakuna aliyelazwa hospitali, ingawa najua wana Msimbazi ambao mpaka leo hawajapona. Wewe ni mmoja wao? Pole, ndugu yangu.

Weka mkono kifuani. Huo moyo unapiga mara 100,000 hivi kwa siku, bila kukuomba ruhusa hata mara moja!

Kambi nayo hupigwa. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya saa 24 tu, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda, wakapiga kambi Benako, wilaya hii hii. Siku moja, na mji mkubwa ukawa umesimama palipokuwa na nyasi.

Unadhani ni Kiswahili peke yake chenye kitenzi cha namna hii? Vuka mpaka wa Kabanga uingie Burundi, utakutana na kitenzi chao gutera. Gutera urushinge ni kuchoma sindano, gutera intambwe ni kupiga hatua, gutera imbere ni kuendelea. Nacho hakina mapumziko!

Halafu kuna ile ya vijana wa mjini, mimi ndiyo naipenda kuliko zote. Ukinywa chai asubuhi, mchana ukapita mkavu, usikutane tena na chakula mpaka usiku, umepiga pasi ndefu. Nguo hata moja hujanyoosha!