Kabla ya kuchagua boa wa kufuga: hesabu nilizofanya juu ya nyoka wa kwenye gunia



Mwaka jana, wakati wa mvua, kijana mmoja wa kartie yetu hapa Bunia alipiga hodi kwangu akiwa na gunia la mchele. "Yaya, niko na boa. Iko mutoto, hailume. Weye ulisoma mambo ya nyama, ukamate kwa dola makumi mbili." Ndani mlikuwa na nyoka wa urefu wa mkono wangu, mwenye madoa ya kahawia, amejikunja kama kata ya kubebea maji. Zile dola 20 nilikuwa nazo. Tena nilikuwa nimeangalia video nyingi za vijana wa Ulaya na Marekani wanaotembea na boa shingoni, na moyo ulikuwa unaniambia: chukua.

Niliomba siku mbili za kufikiri. Hesabu nilizofanya ndizo hizi, maana najua si mimi peke yangu ninayeonyeshwa gunia kama lile.

Kwanza, huyo hakuwa boa. Kwetu huku kila nyoka mnene asiye na sumu tunamwita boa. Yeye ni chatu, yule anayeitwa nguma kwa Lingala. Boa anayefugwa sana huko ng'ambo, Boa constrictor, ni mnyama wa Amerika. Katika pori la Ituri hayuko. Ni kweli wanafanana: wote wanakamata kwa meno kisha wanakaza, na wote wana kucha mbili ndogo karibu na mkia, alama ya miguu ya mababu zao. Lakini boa anazaa watoto hai, chatu anataga mayai. Tena boa mzima kwa kawaida ana mita 2 hadi 3, na akizaliwa kwa mfugaji anazoea kushikwa. Chatu wetu anafika mita 4 au 5, na anajulikana kwa ukali. Kwa hiyo zile video zilinifundisha mnyama mmoja, na gunia lilikuwa na mwingine.

Makosa ya jina yanaweza kuua. Mwezi wa 8 mwaka 2013, katika mji wa Campbellton huko Canada, watoto wawili ndugu, wa miaka 4 na 6, waliuawa usiku wakiwa wamelala. Aliyewaua ni chatu wa Afrika aliyetoroka kwenye kizimba chake, ndani ya jengo lile lile. Usifikiri ungepata muda wa kuita jirani. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walipima panya waliokazwa na boa, wakaona kwamba mzunguko wa damu ndio unaokatika kwanza, ndani ya sekunde chache, kabla mnyama hajaishiwa pumzi. Kwangu nyumbani tunalala na watoto wa dada yangu, na mlango wa chumba changu unafungwa kwa kamba.

Pili, muda. Boa anayetunzwa vizuri anaishi miaka 20 hadi 30. Ukimchukua ukiwa na miaka 24, utakuwa unakaribia 50 naye bado anasubiri panya wake. Wakati huo utakuwa umeoa au umeolewa, umepata kazi Kisangani au Kampala, au umekimbia vita na begi moja, kama wengi wetu tulivyokwisha kukimbia. Nyoka utamwachia nani? Mama?

Tatu, joto. Hapa ndipo nilijifunza zaidi. Nyoka hatengenezi joto la mwili kama sisi, analichukua nje. Boa anahitaji sehemu ya kizimba yenye nyuzi 30 hadi 32, na sehemu nyingine ya baridi kidogo, ili achague mwenyewe. Bunia iko juu, zaidi ya mita 1,200, na usiku wetu unajulikana. Porini nyoka anatafuta jiwe lenye joto au shimo. Ukimtia kwenye sanduku, umemnyang'anya huo uchaguzi. Akikosa joto, chakula hakisagiki tumboni, anatapika, anapata ugonjwa wa mapafu. Umeme wetu unakwenda na kurudi unavyotaka wenyewe. Mimi simu tu inanishinda kuchaji.

Nne, sheria. Nchi yetu iko katika mkataba wa CITES tangu 1976, na boa na chatu wote wamo katika orodha zake: huwezi kuwavusha mpaka bila karatasi za ruhusa. Ndani ya nchi kuna sheria namba 14/003 ya tarehe 11/02/2014 juu ya uhifadhi wa asili. Kabla ya kumgusa mnyama wa pori, uliza ICCN.

Tano, majirani. Mnajua maneno yanayosemwa juu ya nyoka anayetapika dola. Kijana asiye na kazi, anayefunga chumba mchana na kununua panya hai, siku akivaa viatu vipya ataeleza nini?

Kwa mwenzetu anayeishi mahali ambapo sheria inaruhusu, ushauri wangu ni huu. Chagua aliyezaliwa kwa mfugaji, mwenye karatasi. Omba umwone akila. Tazama macho yawe safi, puani pasiwe na ute, asipumue kinywa wazi, magamba yasiwe na kupe. Dume kwa kawaida anabaki mdogo kuliko jike. Tengeneza kwanza kizimba chenye kufuli, ukipime joto wiki nzima, ndipo umlete nyoka. Kama nafasi ni ndogo, kuna boa wa mchanga wa Kenya, ambaye mara nyingi hafiki mita moja.

Siku ya tatu kijana alirudi. Nilimweleza yote haya, akaniangalia tu. "Yaya, sasa mimi nitakula nini?" Sikuwa na jibu la kitabuni. Nilimpa franga 5,000 pamoja na ya moto, tukaenda wote mpaka pale alipomkamatia, kwenye majani marefu karibu na mto Shari. Tulifungua gunia. Nyoka alikaa kwanza, akaonja hewa kwa ulimi, kisha akaingia majini bila haraka.

Najua kosa langu: kulipa ni kufungua soko, na kesho anaweza kuleta mwingine. Tangu siku ile nimemwambia akiona boa asimkamate, aje tu aniite. Amekuja mara mbili. Tumetazama kwa mbali, tukaandika tarehe na mahali katika daftari. Daftari ni lake, na anaandika vizuri kuliko nilivyofikiri.